Msichana wa Duka la Kahawa na Kopo la Aiskrimu



Mwalimu mmoja wa shule ya mlimani ameniletea swali, akaomba nilijibu katika ukurasa huu, kwa kuwa wazazi wengi wana watoto katika kazi ya namna hiyo. Msichana aliyemfundisha zamani, naye amekwisha kupokea Kipaimara, ameajiriwa Moshi mjini katika duka la kahawa na aiskrimu. Jumamosi moja usiku umeme ulikatika, usirudi hata Jumapili baada ya adhuhuri, na duka lilikuwa limefungwa. Jumatatu asubuhi alipofungua jokofu la kioo, aiskrimu ilikuwa ngumu kama kawaida, lakini katika kopo kubwa ilikuwa imeshuka kimo, na juu yake pana chembe za barafu kama chumvi ya mawe. Akamwarifu tajiri wake. Tajiri akamjibu, "Uza. Usipouza nitakata bei yake katika mshahara wako." Mchana akaingia mama mmoja na watoto wawili wadogo, wakataka aiskrimu. Msichana akainama, akamwambia yule mama kwa sauti ndogo, "Mama, leo wape watoto maziwa ya moto." Wakanywa maziwa, wakaenda zao. Mwalimu auliza: Je, msichana amemwibia tajiri wake, ama amefanya vema?

Duka hilo nalijua. Nimeketi humo mara kadhaa niliposhuka mjini kwa kazi za parokia, nikingojea gari la kupandia. Wageni washukao Mlima Kilimanjaro huingia na viatu vyenye matope, na kabla hawajaketi, mtumishi amekwisha kusimama mbele yao na orodha ya vinywaji. Siku moja akaingia bibi mmoja wa mlimani, kanga begani na kikapu mkononi, akasimama karibu na mlango. Watumishi wawili wakampita, wakidhani amekuja kuuza ndizi. Kumbe alitaka kikombe cha kahawa, na fedha yake alikuwa ameifunga katika pindo la kanga. Mtakatifu Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, aliwaonya Wakristo juu ya tajiri mwenye pete ya dhahabu apewaye kiti kizuri na maskini aambiwaye asimame. Nami nadhani mitume wangalikuja Moshi leo wasingalihitaji kubadili neno.

Na kahawa ile ni ya nani? Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliipanda Kilema katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Wachagga wakaishika kilimo hicho kwa bidii, hata mwaka 1925 wakaunda chama chao cha wakulima, na mwaka 1933 ukafuata ushirika wa KNCU ambao jina lake kila mtu wa mlima analijua. Bibi wa namna ile huichuma chini ya migomba, tunda moja moja likiwa jekundu; huimenya, huiosha, huianika, huiokotea mbovu. Yeye ndiye mwenye kahawa kuliko sisi sote tuliokuwa tumeketi. Basi aliyemwona ni msichana huyo huyo wa swali letu. Akamwendea, "Shikamoo, bibi, karibu kiti," akampangusia meza. Kwa hiyo nilipopata barua ya mwalimu sikustaajabu sana.

Lakini wateja nao wana mashtaka yao. Wako waitao mtumishi kwa kupiga vidole kama wamwitao mbwa. Wako wazungumzao na simu wakati msichana amesimama na sinia, wasimjibu hata kwa kichwa. Na wengine, nao ni watu wa kwaya, hula bakuli zima la aiskrimu kisha wakasema haikuwa tamu, warudishiwe fedha. Huko pwani muuza kahawa hupita barazani na dele lake juu ya makaa, akiligonga vikombe, naye hummiminia kila mtu kwa zamu, tajiri na mchukuzi, kikombe kile kile kidogo; sijasikia mtu akimwita kwa vidole.

Sasa turudi katika kopo. Yafaa kina mama wajue kwa nini ile si hasara ya ladha tu. Aiskrimu hutengenezwa kwa maziwa na sukari, pengine na mayai, ikikorogwa huku inaganda, hata hewa iingie ndani na barafu ibaki chembe ndogo mno zisizoonekana. Ikiyeyuka, hewa hutoka; ndiyo sababu kopo lilishuka kimo. Ikigandishwa tena, chembe huwa kubwa, hukwaruza ulimi kama mchanga. Lakini lililo baya zaidi halionekani. Baridi kali ya jokofu haiui vijidudu vyote, huvilaza tu. Katika saa zile za joto huamka na kuzaana katika maziwa, na baridi ikirudi hulala tena vikiwa vingi. Wala aiskrimu haipikwi tena kabla ya kuliwa. Mtu mzima mwenye nguvu huenda asidhurike. Mtoto mdogo, mama mjamzito na mzee waweza kuwazika. Tena nawaambieni wenye majokofu nyumbani: umeme ukikatika, msifungue mlango kila mara kutazama. Jokofu la kugandishia lililojaa, likiachwa limefungwa, hushika baridi hata siku mbili. Lile la kioo la dukani halina uvumilivu huo.

Basi jibu langu. Tajiri ana haki ya utii wa mtumishi katika kazi halali. Hana haki ya kumtumia kuwapa watoto wa watu kitu cha kuwaumiza. Msichana hakuficha neno: alimwarifu kwanza, kisha akamwonya mama. Sioni wizi hapo. Na juu ya mshahara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimwachi mwajiri akate apendavyo. Hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi. Aarifiwe kwa maandishi sababu na kiasi. Apewe nafasi ya kujitetea. Wala kinachokatwa kisipite robo ya mshahara wake. Umeme kukatika usiku wa Jumamosi, naye yuko kwao, ni kosa lake gani?

Nilimwandikia mwalimu hayo yote, naye akayapeleka kwa wazazi. Baba yake alitaka aache kazi siku ile ile. Mama akakataa, maana karo ya mdogo wake hutoka hapo. Mzee mmoja wa jumuiya, aliyepata kuwa karani, alikwenda na msichana kwa tajiri, wakazungumza kwa upole mlango ukiwa umefungwa. Kopo limemwagwa. Fedha iliyokatwa mwezi ule haijarudi bado. Tajiri ameomba apewe hata mwisho wa mwezi huu.

Msichana angali kazini.