Siku mbili Charleston



Ndoa ikishatimiza miaka 24, mazungumzo ya nyumbani huweza kupungua bila ya kuwapo ugomvi wowote. Sisi wawili tulikuwa tumefikia hapo. Tulizungumza ada za shule, umeme, gari bovu na michango ya harusi. Yakiisha hayo, kila mmoja alishika simu yake. Hatukuwa tumekosana. Tulikuwa tumezoeana mno, basi.

Aliyeliona jambo hilo ni binti yetu. Tulikuwa tumekwenda kumtembelea Fayetteville, katika jimbo la North Carolina nchini Marekani, tumpokee mjukuu. Mtoto alipotimiza siku 40, alituambia: "Baba, mama, nendeni mkapumzike japo siku mbili. Sisi tumeshapata nguvu." Mkwe wetu akatutafutia chumba Charleston, mji wa kale wa pwani ya South Carolina, na asubuhi yake tukaondoka.

Mji huo uliasisiwa na Waingereza mwaka 1670, nao umekaa kwenye rasi baina ya mito miwili, Ashley na Cooper. Nyumba zake nyingi za zamani zimepewa ubavu barabarani, na upande mmoja zina baraza ndefu za kupokea upepo wa bahari. Mpwani yeyote huelewa mara moja kwa nini zilijengwa hivyo. Tulitembea polepole chini ya mialoni mikubwa, tukakaa mbele ya maji tukitazama mdomo wa bandari, mahali ilipo ngome ya Sumter. Hapo ndipo mizinga ya kwanza ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani ilipolia, tarehe 12 Aprili 1861.

Sokoni tuliwakuta kina mama wa Kigullah, wazawa wa Waafrika waliotumikishwa katika mashamba ya mpunga ya pwani ile, wakishona vikapu vya nyasi za kunukia. Aina ya kale ya vikapu hivyo ilikuwa ya kupepetea mpunga, kazi ileile ya ungo wetu. Mchana tuliagiza wali wa kunde, tukidhani tumefika nyumbani. Alhamdulillah tuliuliza kwanza: umepikwa kwa nyama ya nguruwe. Tukala samaki, tukacheka, na tukagundua kwamba ni siku nyingi hatujacheka pamoja.

Jioni, tukirudi chumbani, mmoja wetu alisimama mbele ya ukuta wa matofali. Katika tofali moja kulikuwa na vibonyeo vidogo. Mpita njia mmoja, mzee wa makamo, alitueleza kuwa ni alama za vidole: matofali mengi ya mji huu yalifinyangwa na watumwa, na watoto walitumwa kuyageuza yangali mabichi. Vidole vyetu havikuenea katika alama zile. Aliyeziacha alikuwa mtoto mdogo. Tukamkumbuka mjukuu, tukanyamaza mpaka mlangoni.

Siku ya pili tulikwenda mahali palipoitwa Gadsden's Wharf. Hakuna bandari ya Amerika Kaskazini iliyopokea watumwa wengi kuliko Charleston, na gati hilo lilikuwa miongoni mwa milango yao mikuu. Tangu mwaka 2023 pana makumbusho ya historia ya Waafrika wa Marekani, yaliyoinuliwa juu ya nguzo ili ardhi yenyewe ibaki wazi. Chini yake kuna bwawa la maji ya kina kifupi, na sakafuni mwake michoro ya miili ya watu waliolazwa ubavu kwa ubavu, kama walivyopakiwa merikebuni. Sisi tuliokulia jirani na Bagamoyo hatukuhitaji mtu wa kutufafanulia.

Mwaka 1807, miezi michache kabla ya sheria ya kuzuia uingizaji wa watumwa kuanza kutumika, alishushwa Charleston mtu aitwaye Omar ibn Said. Alikuwa mwanachuoni wa Futa Toro, katika Senegal ya leo, aliyesoma elimu ya dini kwa miaka 25. Aliuzwa hapo. Baadaye aliangukia kwa bwana katili, akatoroka kwa miguu hadi Fayetteville, mji uleule anaoishi binti yetu, akakamatwa na kufungwa. Inasimuliwa kwamba aliandika Kiarabu katika kuta za gereza. Mwaka 1831 aliandika habari za maisha yake kwa Kiarabu, na hati hiyo imehifadhiwa leo katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Kumbukumbu za huko zinasema alibatizwa. Yaliyokuwamo moyoni mwake anayajua Mola wake. Alikufa mtumwa, vita vile vikiendelea. Fayetteville sasa upo msikiti wenye jina lake.

Hati ile inafunguliwa kwa Suratul Mulk, sura inayotangaza kwamba ufalme wote umo mkononi mwa Allah. Mtu aliyeandikwa katika daftari la mali za mtu mwingine alichagua kuanza na sura hiyo.

Usiku ule hatukushika simu. Mwanzoni mwa ndoa yetu tulikuwa na desturi ya kuisoma Suratul Mulk pamoja kabla ya kulala, aya zake 30, mmoja akisoma na mwingine akifuatilia. Hatukumbuki tuliiacha lini. Tuliisoma Charleston. Mmoja wetu alikwama katikati, mwenziwe akamkumbusha, kisha tukazungumza hadi usiku wa manane mambo ambayo kwa miaka kadhaa kila mmoja aliyaweka peke yake: hofu ya uzee, deni ambalo mmoja alilificha, upweke wa nyumba iliyobaki bila ya watoto. Omar hakurudi kwao kamwe. Sisi tulilala kitanda kimoja, huru, na tulikuwa tumeacha kusemezana.

Wasomaji wetu, hatuwashauri mwende mbali. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.) wakiwa safarini, jambo lisilogharimu hata senti. Kilwa ipo, Bagamoyo ipo, na shangazi wa kubaki na watoto usiku mmoja hakosekani. Nendeni wawili, mtazame yaliyowafika waliotangulia, na simu zibaki mfukoni. Usiku ukiingia, someni pamoja japo sura moja, kisha mmoja amuulize mwenziwe hali yake, na asubiri jibu.

Wabillahi tawfiq.