Harambee Si Mshahara

Nitasema hili, na mkitaka kuacha kunifuata, poa tu: nimechoka na harambee za waigizaji.

Mnaijua hiyo picha. Mzee aliyetuchekesha tukiwa watoto anatokea kwenye video akiwa amekonda, karatasi za hospitali mkononi, namba ya M-Pesa imeandikwa pale chini. Tunatuma soo. Tunaandika "gwiji" na vile viuso vya machozi. Wiki ijayo tumesahau, na akifa tunaweka picha yake kwa status. Halafu tunasifiana eti Wakenya tuna roho safi. Roho tunayo, sikatai. Lakini ukimchangia mtu pesa ambayo alipaswa kulipwa kitambo, umemlipia mtu mwingine deni lake, basi.

Chukua Mzee Ojwang. Ulijua jina lake ni Benson Wanjau? Mimi nilijua siku habari za kifo chake ziliposomwa, Julai 2015, nikiwa bado shule ya msingi hapa Ikonge. Baba alinyamaza, akasema, "Kumbe alikuwa Mkikuyu." Miaka yote hiyo ya Vitimbi mtu wetu alikuwa anaigiza Mjaluo, lafudhi, kiburi, hasira za ghafla, kila kitu, na nchi nzima ikaamini. Hiyo si bahati, wadau, ni kazi. Mimi hapa nimekulia karibu na Wakipsigis, tunakutana nao sokoni tangu nizaliwe, na nikijaribu kuigiza lafudhi yao nusu dakika tu nimeshaharibu. Yeye aliishikilia tangu miaka ya themanini.

Sasa, miaka michache kabla afariki, macho yalimsumbua na Wakenya wakachangishwa ili atibiwe. Rudia hiyo sentensi polepole. Mtu aliyetazamwa na macho ya nchi nzima kwa zaidi ya miaka ishirini, hana za kutibu macho yake mawili.

Na 2021 ikawa zamu ya Omosh wa Tahidi High. Alijitokeza, akaomba, watu wakachanga, wakamjengea hadi nyumba. Wiki chache baadaye baadhi ya wale wale wakaanza kumhesabia pesa: alipeleka wapi, mbona bado analia. Hapo ndipo harambee inaniudhi zaidi. Mwalimu akipokea mshahara, hakuna mzazi anayemfuata dukani kuangalia kama amenunua unga ama bia. Lakini pesa ya mchango inakuja na macho ya wachangaji. Ukishakula soo yangu, nitakuuliza hadi ulilala saa ngapi.

Kuna wale mtasema staa anajua kujipanga. Mimi siongei juu ya mastaa. Mrembo wa tangazo la sabuni atasurvive. Naongea juu ya wale wa pembeni wanaobeba stori yote: mpishi, askari, chifu, mlevi, baba mkwe. Unamjua sura, ukikutana naye Nyamira mjini unapiga kelele "Weee!", lakini jina hulijui.

Kama Joseph Olita. Huyo alikuwa Idi Amin kwenye filamu ya Sharad Patel ya 1981 kuhusu Amin, jukumu la mtu mzito kwa kila maana. Mwaka 1991 akaitwa tena kuwa Amin kwenye Mississippi Masala. Alifariki 2014. Waulize marafiki zako watano kama wanamjua. Ama Sidede Onyulo, aliyekuwa Owuor, yule mpishi wa Nowhere in Africa. Filamu ya Wajerumani iliyopigwa hapa Kenya, ikashinda Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni mwaka 2003. Itazame, kisha uniambie kama si mpishi ndiye utakayemkumbuka. Hata Oliver Litondo, ambaye alipata bahati adimu ya kuwa mhusika mkuu kwenye The First Grader ya 2010, watu humwita "yule mzee Maruge." Maruge alikuwa mtu halisi, Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza akiwa na miaka 84. Litondo alimuigiza vizuri mpaka akapotelea ndani yake, na sisi tukamwacha huko huko.

Nadhani nilianza kuelewa mambo haya nikiwa kidato cha tatu, ingawa wakati huo nilikuwa nafikiria tu kumaliza Kigogo. Kundi moja la waigizaji lilikuja shuleni kutuigizia tamthilia hiyo, mnajua yale ya kuzunguka na vitabu vya kutahiniwa, nguo zote kwenye magunia mawili juu ya matatu. Jamaa mmoja alikuwa Boza. Akatoka, akabadilisha koti, akarudi kama Ngurumo amelewa chakari kule Mangweni. Ukumbi ulipasuka. Hata mwalimu wa zamu alicheka hadi akatoa miwani. Baadaye nilimkuta nyuma ya jikoni anakula githeri kwenye sufuria ya mpishi, koti la Ngurumo bado mwilini. Nikamwambia ameniua. Akasema asante, kesho wana shule tatu, sauti yenyewe imeanza kukauka. Nikamuuliza jina. Akaniambia. Nimelisahau. Kigogo nilipita nikiandika juu ya Ngurumo aliyenionyesha huyo mtu, na jina lake nimelisahau.

"Kenya hakuna pesa kwa hiyo kazi." Hiyo ndiyo komenti najua inakuja. Sawa. Mnafikiri Marekani walizaliwa wakilipana? Mwaka 1960 waigizaji wa sinema waligoma, na kiongozi wa chama chao alikuwa Ronald Reagan, huyo huyo aliyekuja kuwa rais. Walitaka filamu ikiuzwa kwa televisheni, mwigizaji naye aone kitu, na si staa peke yake. Wakapata, pamoja na mfuko wa pensheni na matibabu. Mwaka 2023 wakagoma tena siku 118, safari hii ugomvi mmoja mkubwa ukiwa pesa za mitandao ya kutazama filamu. Yaani yule mtu wa kufungua mlango na kusema "Karibu, bwana" anaweza kupata cheki miaka kumi baadaye kwa sababu mlango ule bado unafunguliwa kwenye skrini ya mtu. Inaweza kuwa pesa ya chai tu. Lakini ni yake, haombi.

Asilimia ya kidogo ni kidogo, ndiyo. Sifuri nayo ni nini? Sheria ya Hakimiliki tunayo tangu 2001 na inatambua haki za mwigizaji. Waulize vijana wa rika letu wanaoigiza kwenye vipindi: ulisaini nini? Wengi watakuonyesha meseji ya WhatsApp, "Kesho saa kumi na moja asubuhi, beba shati jeupe." Unalipwa siku uliyofika. Kipindi kirudiwe mara hamsini, kikatwe klipu mia, wewe ulishalipwa nauli na chakula cha mchana.

Sasa ngojeni, kabla mnipigie makofi.

Mimi nina jamaa ambaye nimeigiza naye tangu tamasha za drama za shule. Tunamwita Omogaka kwa sababu ana miaka ishirini na mbili na hajawahi kuigiza kijana. Ni chifu, ni mchungaji, ni baba anayekataa ng'ombe za mahari kwa sababu mmoja anachechemea. Mchana anaendesha boda hapa steji ya Ikonge, jioni tunapiga video nyuma ya duka la shangazi yangu. Klipu yangu iliyowahi kutembea zaidi ni ya yule baba wa mahari, na niliiweka Desemba. Mimi ndani yake nasema maneno manne. Nilipata kampuni ndogo ya kutangaza, nikanunua simu mpya na ile taa ya duara. Omogaka nilimpa soda na chapati mbili. Nikamwambia anajulikana sasa, si hata abiria wanamwita kwa jina la video?

Mwezi uliopita pikipiki yake iliharibika injini. Na mimi, fundi wa kuandika mambo ya haki, nilikuwa nimeshaandika posti: "Tumsaidie ndugu yetu Omogaka." Namba yake nimeweka. Nikamtumia kwanza aione.

Alinipigia. Hakupiga kelele, ndiyo ilikuwa mbaya. Akaniuliza, "Ndugu yangu, unaniombea kwa watu pesa yangu?"

Niliifuta. Tukakaa pale dukani, shangazi akiwa shahidi, tukang'oa karatasi katikati ya daftari: kila video anayoigiza, theluthi moja ya kinachoingia, na jina lake kamili linaandikwa juu, si la utani. Inaendelea kulipa hata kama ameshaacha kuigiza. Karatasi moja tu, haikuhitaji wakili wala serikali. Kwa hivyo nyinyi wenye kamera kubwa, wenye ofisi Nairobi na wahasibu, msiniambie haiwezekani. Sisi tuliifanya juu ya gunia la viazi.

Jumamosi nilimtumia malipo ya kwanza. Akajibu baada ya dakika mbili: "Imeingia. Na ya Desemba?"

Naihesabu leo usiku.