Baiskeli Nayo Ina Haki ya Njia

Ndugu msomaji, ukitoka Malindi kwa baiskeli, mbele yako pana njia mbili njema. Ya kaskazini yavuka daraja la mto Sabaki, wenye maji mekundu kwa udongo wa bara, ikafika Mambrui. Ya kusini, kiasi cha kilomita 15, yakupeleka magofu ya Gede, penye kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Hapo ukishika kushoto, wafika Watamu, baharini.

Njia hizo nimezizoea tangu ujana. Zamani nikitazama minazi. Siku hizi natazama nyuma. Matatu ikipiga honi huna budi kuruka mchangani, nawe huenda umepakia samaki, mkate au mtoto.

Watu husema ajali haina kinga. Sivyo tulivyofunzwa chuoni: mfunge ngamia, kisha tawakali. Basi enyi wakubwa wa barabara, tutengeeni kijia cha lami kando, walau mita moja na nusu. Mgeni atatembea kwa raha, na mchuuzi wetu wa samaki atarudi kwake salama, inshallah.