MOTA IKIUNGUA, MFANYAKAZI ASIGEUZWE KUNI



Mwaka juzi niliitwa katika shamba moja la mkonge. Mota ya korona ilikuwa imeungua, na mwendesha mashine amepewa barua: atakatwa mshahara mpaka bei ya mota itimie. Kosa lake lilikuwa nini? Alikuwa zamu.

Mimi elimu yangu ni darasa la saba, wala si fundi wa umeme. Lakini nilikaa na fundi anayesuka mota, akanifungulia ile iliyoungua. Niliyojifunza nawapeni, maana tusichokijua ndicho tunachopigiwa.

Ndani ya mota mna waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Waya huo umepakwa vanishi, na pale unapolala ndani ya chuma umetandikiwa karatasi ngumu au plastiki maalumu. Katika jenereta kubwa hutumika pia ulanga, jiwe lile lililokuwa likichimbwa milima ya Uluguru. Vitu hivi vyote kazi yao ni moja: kuuzuia umeme usiache njia yake. Vikifa, mota imekufa.

Lakini havifi kwa siku moja. Kila aina ina kiwango chake cha joto. Daraja B ni nyuzi 130 za sentigredi, F ni 155, H ni 180. Mafundi hukadiria kwamba kila joto likizidi kwa nyuzi 10, umri wa vitu hivyo hupungua nusu. Basi mota iliyofunikwa na makapi ya mkonge, iliyovunjika feni, au inayoendeshwa fezi moja imekatika, inakufa huku inazunguka. Na ile iliyolala masika nzima ikanyonya unyevu, kisha ikawashwa bila kupimwa kwa mega, hiyo nayo imeuawa na ofisi, si na mwendesha mashine.

Katika ile mota tulikuta kifaa cha kukata umeme kimeunganishwa waya kisifanye kazi, ili uzalishaji usisimame. Tukaomba daftari la matengenezo. Halikuwapo. Barua ikafutwa.

Sheria ya Kazi ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inasema mfanyakazi hakatwi kwa hasara isipokuwa imetokana na kosa lake, ameelezwa kwa maandishi, na amepewa nafasi ya kupinga. Hata hapo, makato yasizidi robo ya mshahara. Ndugu zetu wa Kenya wana sheria ya mwaka 2007, kifungu cha 19: hasara inayokatwa ni ile iliyoletwa na kosa la makusudi. Moto wa vanishi iliyochakaa si makusudi ya mtu.

Nasi tujikosoe. Wengine wetu ndio tunaofunga ule waya tukiamriwa na msimamizi. Tukatae. Ukisikia harufu ya kuungua au mota ikinguruma vibaya, toa taarifa kwa maandishi na ubaki na nakala. Kila tawi lidai mota zisafishwe, zipimwe kabla ya msimu, na vipimo viandikwe daftarini.

Mwenye mota ndiye mwenye wajibu wa kuitunza. Jasho letu si bima yake.

Umoja ni nguvu.