Wakili wa Mfanyakazi Ametokea Wapi?

Mwaka 1975, kampuni kongwe ya uwakili ya New York, Sullivan & Cromwell, ilijikuta upande wa mdaiwa. Wanawake wanasheria waliilalamikia mahakamani kwamba inawabagua, na kesi ikaangukia mikononi mwa Constance Baker Motley, mwanamke Mweusi wa kwanza kuwa jaji wa mahakama ya shirikisho nchini Marekani. Kampuni ikamwomba ajitoe. Iliona kwamba mwanamke Mweusi aliyetumia miaka yake ya uwakili kuwatetea waliobaguliwa angeegemea upande mmoja.

Motley alikataa. Alieleza kwamba kila jaji wa mahakama ile ana jinsia yake, rangi yake na historia yake ya kazi. Kama mambo hayo peke yake yangetosha kumwondoa mtu kwenye kesi, asingebaki jaji hata mmoja wa kuisikiliza. Mwaka mmoja kabla yake, huko Pennsylvania, Jaji Leon Higginbotham aliombwa vilevile ajitoe kwenye kesi ya wafanyakazi Weusi dhidi ya chama cha waendesha mitambo ya ujenzi, naye akakataa. Baba yake alikuwa kibarua wa kiwandani, mama yake mtumishi wa nyumbani.

Wazo lililo nyuma ya maombi yale mawili bado lipo, na Afrika Mashariki haijasalimika nalo: kwamba mwanasheria safi ni yule ambaye dhuluma haikumgusa. Historia ya mawakili wa haki za kiraia na za kazi inalipinga wazo hilo karibu kila ukurasa.

Motley mwenyewe alizaliwa mwaka 1921 New Haven, mtoto wa tisa kati ya kumi na wawili, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka kisiwa cha Nevis. Baba yake alikuwa mpishi wa vyama vya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale. Nyumbani hapakuwa na pesa ya chuo. Aliyemlipia ada ni mfanyabiashara Mzungu aliyemsikia akihutubia mkutano wa mtaani na kuvutiwa na akili yake. Binti huyo wa mpishi alikuja kusimama mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani mara kumi, akashinda mara tisa.

Wakili Thurgood Marshall naye alitoka jikoni na mezani. Baba yake alihudumu kwenye mabehewa ya chakula ya treni, na mwenyewe alifanya kazi hiyohiyo akiwa kijana. Alipenda kusimulia jinsi alivyopewa suruali ya kazi iliyokuwa fupi mno kwa urefu wake. Alipolalamika, mkubwa wake alimwambia kwamba ni rahisi zaidi kumpata mtu mwingine wa kuenewa na suruali ile kuliko kumtafutia suruali nyingine. Mtu aliyeambiwa hivyo na bado akalazimika kubeba sinia hahitaji kitabu kumfundisha nini maana ya mfanyakazi kuwa kitu cha kubadilishwa. Mama yake alikuwa mwalimu, na katika kaunti za Maryland walimu Weusi walilipwa chini ya Wazungu kwa kazi ileile. Mwaka 1939 Marshall aliishinda bodi ya elimu ya kaunti ya Anne Arundel katika kesi ya mishahara hiyo, miaka 15 kabla ya hukumu ya Brown dhidi ya ubaguzi wa rangi shuleni, iliyompa jina duniani kote.

Lakini kesi inayoonyesha vizuri kuliko zote jinsi jicho la wakili linavyofanya kazi ni ya mwalimu wa Marshall, Charles Hamilton Houston. Huyu hakutoka kwenye umaskini, maana baba yake alikuwa wakili mjini Washington. Kilichombadilisha ni jeshi. Alikwenda Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza akiwa ofisa, akadharauliwa na kutishiwa maisha na askari Wazungu wa nchi yake mwenyewe, na akaamua kwamba akirudi salama atasoma sheria ili awatetee wasioweza kujibu.

Mteja wake aliitwa Bester William Steele, mchochea moto wa garimoshi huko Alabama. Kwa miongo mingi kazi hiyo Kusini mwa Marekani waliachiwa Weusi, kwa kuwa ilikuwa ya joto, vumbi na beleshi mkononi safari nzima. Zilipokuja mashine za kulisha tanuri makaa, na baadaye injini za dizeli, kazi ikawa safi, na Wazungu wakaitaka. Chama cha wachochea moto kilikuwa ndicho pekee chenye mamlaka ya kisheria ya kujadiliana na kampuni ya reli kwa niaba ya wote, ilhali hakikumruhusu Mweusi kuwa mwanachama. Kikakubaliana na kampuni kuwapunguza Weusi. Steele akaondolewa kwenye treni ya abiria, akapangiwa kazi ngumu zaidi kwa malipo madogo zaidi.

Mtu mwingine angemlaumu mwajiri tu. Houston alitazama meza ya majadiliano na kuuliza nani amekaa pale kwa niaba ya Steele. Desemba 1944 Mahakama Kuu ilikubaliana naye kwamba chama kinachopewa na sheria mamlaka ya kuwasemea wote kina wajibu wa kuwasemea wote bila ubaguzi. Wajibu huo hadi leo unawalinda wafanyakazi wa Marekani wa kila rangi, wakiwamo Wazungu ambao vyama vyao vimewatelekeza.

Hofu ya kwamba aliyeonewa atalipiza kisasi akipewa nafasi ina jibu lake, na jibu hilo linapitia Kenya. Mwaka 1960 Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alimwalika Marshall kuwashauri wajumbe wa Kiafrika katika mazungumzo ya katiba ya Lancaster House, London. Mboya alikuwa ameanza kazi kama mkaguzi wa afya katika Halmashauri ya Jiji la Nairobi, akilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mzungu mwenye cheo kilekile. Marshall aliandika rasimu ya haki za binadamu kwa ajili ya Kenya, na jambo alilolisisitiza ni ulinzi wa walio wachache. Katika Kenya ya uhuru, hao walikuwa Wahindi na Wazungu. Aliyejua kwa ngozi yake jinsi walio wengi wanavyoweza kumkandamiza mtu ndiye aliyewakumbuka watawala wa jana.

Kenya ilikuwa na wa kwake pia. C.M.G. Argwings-Kodhek, Mwafrika wa kwanza kuwa wakili nchini humo, alirudi kutoka masomoni Uingereza na kukuta serikali ya kikoloni iko tayari kumpa theluthi moja tu ya mshahara wa wenzake Wazungu. Aliikataa kazi hiyo, akafungua ofisi yake na kuwatetea watuhumiwa wa Mau Mau katika miaka ambayo kuwatetea kulikuwa hatari. Jina lake liko kwenye barabara ya Nairobi inayopita Hurlingham, na wengi wanaoipita kila asubuhi hawajui kwamba ukurasa wa kwanza wa uwakili wake ulikuwa mgogoro wa mshahara.

Uzoefu wa namna hii una kazi hata katika mambo madogo ya leo. Nchini Tanzania, mfanyakazi anayedai kuachishwa kazi isivyo haki ana siku 30 za kufikisha mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wakili aliyekulia nyumba ya kibarua anajua siku hizo zinavyopotea: wiki ya kwanza mtu anawaficha watoto habari hiyo, ya pili anamfuata meneja kumsihi, ya tatu anaahidiwa stahiki zake mwisho wa mwezi. Anajua pia kuuliza kama ile barua ya kujiuzulu mteja aliiandika mwenyewe au aliletewa aitie saini. Mwenye huruma anaweza kujifunza haya, na wapo waliojifunza: Jack Greenberg, Mzungu wa Brooklyn, alisimama na Marshall katika kesi ya Brown na kumrithi uongozi wa mfuko wa utetezi wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi. Ila aliyeyaishi huyauliza siku ya kwanza.

Kwa hiyo milango ya taaluma hii ifunguliwe kwa makusudi kwa watoto wa makuli, wachuma chai na wafanyakazi wa ndani, na kwa wafanyakazi wenyewe. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimekwisha kuonyesha kwamba mtu anaweza kusoma sheria huku akiwa kazini. Kikwazo kikubwa kinakuja baada ya shahada, katika miezi ya mafunzo ya vitendo, ambayo vijana wengi huipitia bila malipo au kwa nauli tu. Mtoto wa tajiri anavumilia. Mtoto wa dereva wa bodaboda anaacha na kwenda kutafuta kazi nyingine. Kampuni za uwakili zinazokwenda mahakamani kudai ujira halali wa wateja wao zianze kwa kuwalipa wanafunzi wanaowabebea mafaili, na vyama vya mawakili vya Kenya na Tanzania viweke kima cha chini cha malipo hayo, kiwe sharti la kumpokea mwanafunzi yeyote.