Bagamoyo si mbali na Rumonge

Mfanyabiashara mdogo wa Rumonge anajua faida ya karatasi moja. Mzigo wake ukiwa wa Afrika Mashariki, umo katika orodha iliyokubaliwa na thamani yake haizidi dola 2,000, anapewa mpakani hati rahisi ya uasili na kusamehewa ushuru wa forodha. Je, mwanawe anayetaka kusomea maigizo au filamu amewekewa njia nyepesi kama hiyo?

Chuo kipo. Baada ya Mwalimu Nyerere kuunda wizara ya utamaduni mwaka 1962, Tanzania ilikuwa na vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo. Mwaka 1981 kazi ya kulea wasanii ikakabidhiwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Mwaka 2002 ukumbi wake wa maonyesho uliteketea kwa moto, lakini masomo hayakukoma. Mwaka 2007 chuo kikawa wakala wa serikali, kwa jina la TaSUBa, na leo kinafundisha pia utengenezaji wa filamu na televisheni. Mwaka huohuo Burundi ilijiunga na Jumuiya.

Vipaji Burundi haikupungukiwa. Léonce Ngabo alitoa filamu yake *Gito l'ingrat* mwaka 1992, na tangu 2009 Bujumbura ina tamasha la filamu, FESTICAB. Soko nalo lipo: mwambao wetu unazungumza Kiswahili, lugha iliyofika ziwani pamoja na misafara ya Bagamoyo na Ujiji. Kwa nini tubaki wanunuzi tu wa filamu za wenzetu, ilhali hadithi za wavuvi na wauza mawese tunazo wenyewe?

Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu 2010, inataka nchi wanachama zitambue vyeti vya elimu na taaluma. Basi tunaomba mambo matatu. Ada ya Mrundi Bagamoyo iwe sawa na ya Mtanzania. Cheti chake kiheshimiwe Bujumbura. Na kamera yake ya kazi ipite forodhani bila kuhesabiwa kuwa bidhaa ya kuuza.

Vyama vya wafanyabiashara vina sauti mbele ya maofisa wa forodha. Safari ijayo mkienda kudai nafuu ya dagaa na mawese, wakumbukeni na vijana hawa. Filamu nayo ni mzigo, na ina wateja pande zote za ziwa.