SIKUKUU YA TAIFA UGENINI: TUSHIRIKI KWA KIASI GANI?



Kila mwaka vijana wetu huenda nchi za nje, wengine kwa masomo na wengine kwa kazi. Miongoni mwa mambo wanayoyakuta huko ni sikukuu ya taifa ya wenyeji. Huulizana: tutoke tujiunge nao, au tujifungie ndani? Maoni yangu ni kwamba Mwislamu aliye mgeni ashiriki furaha ya wenyeji wake kwa adabu, lakini asiigeuze kuwa Idi, wala asiiache imsahaulishe kwao.

Tuchukue mfano wa Oman, nchi ambayo familia nyingi za mwambao wetu zina jamaa. Kwa miaka mingi sikukuu ya taifa huko ilikuwa 18 Novemba, siku aliyozaliwa Sultan Qaboos mwaka 1940. Yeye alishika utawala tarehe 23 Julai 1970 na kufariki tarehe 10 Januari 2020. Mwaka 2025 Sultan Haitham aliihamishia sikukuu hiyo tarehe 20 Novemba, kukumbuka mwaka 1744 ambapo Imam Ahmad bin Said aliasisi utawala wa Al Busaidi. Siku zikikaribia, barabara za Maskati hupambwa kwa taa na bendera za rangi nyeupe, nyekundu na kijani, na watoto huvishwa rangi hizo hizo. Mgeni kutoka Unguja au Mombasa hukaribishwa halua na kahawa, na huenda mwenyeji wake akamkaribisha kwa Kiswahili fasaha, kwani Waomani wengi wana asili au malezi ya Afrika Mashariki.

Hapa pana jambo zito. Mwenyeji huyo huenda wazee wake waliondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964. Kwetu Tanzania tarehe hiyo ni siku ya mapumziko ya taifa. Kwake yeye yaweza kuwa siku ya kukumbuka nyumba iliyoachwa na ndugu wasioonekana tena. Na yupo kwetu mzee ambaye kwake siku hiyo hiyo ni ya kuondokewa na unyonge. Kijana asiyeijua historia hii atakaa barazani na kutoa neno la kumchoma mtu aliyemkirimu. Karibu kila sikukuu ya taifa ina wanaoifurahia na wanaoinamisha vichwa. Basi adabu ya kwanza ya mgeni ni kusikiliza kabla ya kusema.

Tukija kwenye dini, imepokewa kutoka kwa Anas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za kucheza, akawafahamisha kuwa Mwenyezi Mungu amewabadilishia zilizo bora kuliko hizo, nazo ni Idi mbili. Kwa dalili hii wapo wanazuoni wanaokataza sikukuu za kitaifa. Wapo wengine wanaoziona ni mambo ya desturi na mipango ya serikali, si ibada, na hivyo hazina ubaya maadamu hazina haramu ndani yake. Mimi naielemea kauli hii ya pili, lakini mwanafunzi asimgombeze mwenzake aliyeshika ile ya kwanza. Lisilo na mgogoro ni kwamba sala haiachwi kwa ajili ya fataki, na israfu haiwi halali kwa kupandisha bendera.

Wako wanaosema kwamba kuifurahia nchi ya watu ni kuisaliti yako. Hilo si kweli. Mtume (S.A.W.) aliipenda Makka alikozaliwa, na masahaba walipohamia Madina waliugua homa na kuikumbuka Makka kwa uchungu. Naye akamwomba Mola wake awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi. Hakuwaambia waichukie Makka ndipo waipende Madina. Moyo wa muumini una nafasi ya miji miwili.

Upande wa pili wako wanaosema, ukienda kwa wenye chongo nawe vunja lako jicho. Msemo huu nao una mpaka wake. Nimeona watoto wa Kiswahili waliokulia nje wanaoijua sikukuu ya wenyeji kwa tarehe na kwa nyimbo, lakini ukiwauliza 9 Desemba 1961, 10 Desemba 1963 au 26 Aprili 1964 wanakutazama tu. Lawama si ya watoto. Ni yetu wazazi tuliodhani kwamba kwao kutajifundisha kwenyewe. Mkataa kwao ni mtumwa, na asiyekujua kwao yu karibu naye.

Tena tukumbuke kwamba shukrani si kelele. Mwaka 2015 Rais Magufuli aliahirisha sherehe za Uhuru, siku ikafanywa ya usafi na fedha zikaelekezwa kwenye ujenzi wa barabara Dar es Salaam. Mwaka 2022 Rais Samia aliagiza fedha za sherehe hizo zijenge mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Siku ikitumika hivyo, mgeni na mwenyeji wote wataiona faida yake.

Kwa hiyo, enyi wanafunzi, mkijaaliwa kwenda ugenini, wapeni wenyeji mkono wa pongezi na waombeeni amani nchi yao. Jueni siku yao ina maana gani. Mkumbukeni pia mfanyakazi mgeni anayefagia barabara baada ya sherehe, kwani naye ana nchi na ana siku yake. Mpeni salamu na sahani ya chakula. Nanyi wazazi mlioko nje, wasimulieni watoto historia ya kwao, matamu na machungu yake, bila chuki.

Mwenyezi Mungu azijaalie nchi zetu na nchi wanazoishi ndugu zetu kuwa za amani. Amin.

Wabillahi tawfiq.